Twita za Mshonaji

Mshonaji alipokuja na ile spika kwa mara ya pili, nilimwona akiwa bado ng'ambo ya barabara, na damu ikaanza kunichemka kabla hajafika mlangoni. Ameikumbatia kifuani kama mama anayepeleka mtoto hospitali, anatembea polepole, anakwepa madimbwi. Nikaweka chini pasi ya kulehemu, nikamsubiri na mikono kiunoni.

"Twita imeungua tena," akasema.

"Imeungua yenyewe au umeiunguza?"

"Ala! Mama Moto, hata karibu hamna?"

"Karibu. Imeungua au umeiunguza?"

Mtaani wananiita Mama Moto. Wako wanaosema ni kwa sababu ya hiyo pasi ya kulehemu, na wako wanaosema ni kwa sababu ya mdomo wangu, na sijawahi kubishana na upande wowote. Mume wangu wanamwita Sikio. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu wenyewe: meza moja ndefu, makopo ya skrubu, mizoga ya redio kwenye rafu, feni inayolalamika, na kiti cha mbao chenye mto uliochoka ambacho hakikaliwi na mtu mwingine ila yeye. Mimi nafungua, napima, nalehemu, napiga hesabu. Yeye anasikiliza. Msicheke, hiyo ni kazi. Kwetu mashine haitoki mlangoni mpaka Sikio akae mbele yake, aweke ule wimbo wake mmoja wa zamani, wa wanawake wanaoitikiana na matoazi yanayolia kwa mbali, azungushe vitufe kidogo huku, kidogo kule, mpaka aseme, "Chukua." Watu wanatoka mitaa ya mbali kufuata neno hilo moja. Mafundi wa kulehemu wamejaa tele. Masikio yale yalikuwa kwa mtu mmoja tu, na jina letu lote lilikaa juu yake. Yangeondoka masikio, tungebaki watu wawili na makopo ya skrubu.

Basi nikaifungua spika. Twita, kwa asiyejua, ni ile spika ndogo inayokaa juu ya ile kubwa, inayotoa sauti nyembamba: matoazi, filimbi, pumzi ya mwimbaji. Ni kitu cha kudekezwa. Waya wake wa ndani ni mwembamba kama unywele. Nikaipima kwa mita. Mshale haukutikisika, yaani waya wa ndani umekatika. Nikainusa, harufu ya kuungua ikanijaa puani.

"Safari ile nilikwambia nini?" nikaanza. "Si nilikwambia? Au nilikuwa naongea na cherehani?"

Safari ile nilimsamehe, maana alidanganywa. Alijinunulia spika mbili kubwa za sebuleni, za wati mia kila moja, halafu mtoto wa dada yake akamletea kiamplifaya cha wati ishirini, akamwambia hicho ndicho salama, kidogo hakiwezi kuumiza kikubwa. Jamani, kosa hili litanitoa roho. Kila mtu analifanya, na kila mtu analifanya huku anajiamini. Amplifaya ndogo ukiifungulia mpaka mwisho ili ishibishe spika kubwa, inaishiwa pumzi. Inaanza kuikata sauti vichwa. Hayo makapi ya sauti yote yanakimbilia kwenye twita, twita inapata joto, inaungua, na spika kubwa iliyo chini yake imekaa tu, haina habari. Watu wanaogopa nguvu nyingi. Mimi spika nilizozika nyingi zilikufa kwa nguvu haba iliyolazimishwa. Kwa hiyo wati za amplifaya zikaribiane na za spika, zikizidi kidogo si neno, omu, yaani ukinzani wa umeme, zilingane, halafu mkono wa mwenye nyumba uwe na adabu. Ndivyo nilivyomwambia. Nikamtafutia amplifaya inayolingana na spika zake, nikambadilishia twita zote mbili, na Sikio akaenda mwenyewe nyumbani kwake kuifunga na kuipanga, kwa sababu sauti ya karakana siyo sauti ya sebule.

"Sijafika hata nusu," mshonaji akasema. "Naapa. Majirani hawajui hata kama nina redio."

"Twita haiungui kwa kutazamwa."

"Labda hukuilehemu vizuri," mume wangu akasema kutoka kwenye kiti chake.

Nikageuka. "Nani? Mimi?"

"Sasa hapa fundi mwingine ni nani? Siku hizi unalehemu kama mtu anayepaka siagi."

Lo! Mbele ya mteja! Nikampasha. Nikamwambia nilikuwa nalehemu wakati yeye hajui waya unaingia upande gani, kwamba kazi yake ni kukaa na kazi yangu ni kumlisha huyo anayekaa, na mengine ambayo siyarudii. Yeye akanitazama tu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anatabasamu kama mtu aliyeletewa chai. Siku hizo alikuwa hivyo. Miaka yote tuliyoishi pamoja alikuwa mtu wa kunyamaza, anayepita pembeni ya hasira zangu kama anapita pembeni ya shimo. Lakini uzee ulimwingia na uchokozi. Anachanganya skrubu zangu makusudi. Anasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Nami sina breki, naye anajua.

Mshonaji alimtazama yeye, akanitazama mimi. Nilipomsindikiza mlangoni akanishika mkono.

"Njoo nyumbani uone mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Ila uje peke yako, Mama Moto."

Nilikwenda siku hiyo hiyo mchana, kwa sababu mimi neno likinikaa kifuani sipati usingizi. Njia nzima nilikuwa napanga ya kumwambia. Nitamkuta na kitufe cha sauti kimefunguliwa mpaka mwisho, nitakinyooshea kidole, nitamuuliza hiki nacho kilijizungusha.

Sebule yake ilikuwa safi, ila vipande vya uzi vilitapakaa sakafuni mpaka chini ya kochi. Cherehani dirishani, gauni la mtu limening'inia bila mkono mmoja. Amplifaya iko juu ya kabati, pembeni yake ile spika iliyobaki. Na ile spika iliyobaki ilikuwa imefunikwa blanketi. Blanketi zito, limekunjwa mara kadhaa na kubanwa kwa pini za kushonea ili lisianguke.

"Hii ni nini?"

"Blanketi."

"Naona ni blanketi. Spika inasikia baridi?"

Hakucheka. "Mama Moto, usikasirike. Washa tu usikie."

Nikavuta blanketi, nikawasha.

Mungu wangu. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati, na chini ya kokoto, mbali huko, kuna mtu anajaribu kuimba. Meno yaliniuma. Nikarukia amplifaya kuizima, na mkono wangu ukiwa pale nikaona. Kitufe cha sauti kilikuwa chini ya nusu, kama alivyoapa. Cha besi kiko katikati, hakina kosa. Lakini kile cha sauti nyembamba kilikuwa kimezungushwa mpaka kimegota, na ile swichi ya kuzinyanyua zaidi, ambayo mtu mwenye akili zake haigusi, ilikuwa imebonyezwa. Mzigo wote huo unakwenda kwenye kile kitu chenye waya wa unywele. Amplifaya ilikuwa sawasawa, spika zilikuwa sawasawa, hesabu zangu zilikuwa sawasawa. Twita yoyote ingeungua.

"Nani kagusa hapa?"

"Hakuna aliyegusa," mshonaji akasema. "Ndivyo alivyopanga mumeo. Alikaa hapo kwenye kochi, akazungusha, akasikiliza, akazungusha tena, akaongeza. Akasema, 'Sasa imetulia, mtu asiiguse.' Na mimi sikuigusa."

"Na wewe ukasikia hivi ukanyamaza?"

"Nilidhani tatizo ni mimi." Alikuwa anaviringisha uzi kidoleni, anauviringua. "Nikasema labda hii ndiyo sauti nzuri, sisi wengine ndio hatujui kusikiliza. Ikanishinda, ndipo nikaifunika. Nani ambishie Sikio?"

Nikakaa kwenye kochi, pale pale alipokaa yeye. Nilijua. Sikuwa na haja ya mita. Mtu aliyekuwa akisikia twita ya mteja inaanza kuchoka kabla haijaanza kuchoka, amekaa hapa, amezungusha kitufe mpaka kikagota, akitafuta kitu ambacho kilikuwa kimeshajaa chumba kizima na yeye hakisikii.

Mshonaji alikuwa ananisubiri niseme. Nikasema, "Kitufe hiki kibovu. Kinateleza chenyewe."

Huyu mwanamke kazi yake ni kumtazama mtu na kujua kiuno chake. Alinitazama, na nikaona amejua.

"Eeh," akasema. "Vitu vya siku hizi."

Nikarudisha kitufe katikati, nikaizima ile swichi, nikamwekea ule wimbo wa Sikio niliokuja nao. Spika moja tu, lakini sauti ilitoka safi. Wanawake wanaitikiana, matoazi yanalia nyuma yao. Mshonaji akasema, "Kumbe wanaimba wawili! Mimi nilidhani mmoja." Nikamwambia nitamletea twita mpya mwenyewe, nikatoka kabla machozi hayajanitangulia.

Nilirudi kwa miguu, na njia nzima niligombana na mume wangu kichwani. Kila nilichokumbuka kilinijia na ushahidi. Birika letu la filimbi, linavyolia jikoni mpaka linakauka na yeye amekaa hatua chache tu. Mimi ninavyomwita kutoka uani, namwita, namwita, halafu namkuta amekaa tu, nashusha mvua ya maneno. Na binti yetu. Binti yetu ameolewa mbali, anapiga simu kila wiki, na sauti yake tangu utotoni ni nyembamba kama ya ndege. Simu ikilia baba yake anaipokea, anasema, "Hujambo mwanangu, ngoja uongee na mama yako," basi. Mtoto amelia kwangu zaidi ya mara moja. Mama, baba nimemkosea nini? Au hakumpenda huyu niliyeolewa naye? Nami nikamwambia baba yako amekuwa mkorofi tu siku hizi, achana naye.

Lakini moyo ni mbishi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaanza kumtetea. Labda alichoka siku ile. Labda alikuwa na mafua. Nikasema nitampima, nihakikishe, na nilikuwa namwomba Mungu nionekane mjinga.

Mezani palikuwa na redio ya mteja mwingine, imekamilika, inamsubiri yeye aseme neno lake. Alikuwa ametoka kununua betri. Nikafungua spika zote mbili, nikachomoa waya za twita, nikazifunga tena na skrubu zake. Spika zilizochomolewa twita zinaimba kama mtu aliyejifunika shuka usoni. Hata mtoto mchanga angeshtuka.

Alipoingia nikamwambia, "Hii imekwisha. Ipange, mwenyewe anakuja."

Akakaa. Akaweka wimbo wake. Matoazi hayakuwepo. Wanawake wale wamekuwa midomo mitupu inayovuma. Nilisimama mbele yake nikainamisha uso, nikaangalia vidole vya miguu yangu, kwa sababu nilijua nikimtazama nitapasuka.

Akazungusha kitufe. Akazungusha kingine. Akarudisha. Wimbo ukafika katikati na bado hajasema, "Chukua." Nikahisi ananiangalia.

"Inua uso," akasema.

"Kwa nini?"

"Inua uso, mke wangu, nifanye kazi."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na ilikuwa kama mtu amenimwagia maji ya baridi mgongoni. Nikainua uso. Macho yake yalikuwa juu yangu, hayapepesi, yananisoma paji la uso, mdomo, mashavu, kama mtu anayesoma mita, atambue humo kama sauti imekaa. Zamani akisikiliza alikuwa akifumba macho. Sikumbuki aliacha lini.

Akaona kila kitu, bila shaka, maana uso wangu haujawahi kuficha kitu. Akanyoosha mkono akazima redio.

"Umetoa nini?" akauliza.

"Twita."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama fundi anayeambiwa kasoro ya mashine ya mtu mwingine. "Nilijua kuna kitu. Ulikuwa unatazama chini. Wewe hutazami chini."

"Tangu lini?" nikamuuliza. Alinitazama mdomoni. "Tangu lini, wewe mwanamume!"

"Mwaka jana. Labda kabla. Sauti za juu zinaondoka kwanza. Ndege wa asubuhi, nilidhani wamehama. Halafu matoazi. Nikadhani kanda imechakaa, nikatafuta nyingine, nayo imechakaa. Halafu mtoto." Akaitazama simu mezani. "Yule mtoto nasikia anapumua tu."

"Kwa nini hukuniambia tukaenda hospitali?"

"Nilikwenda."

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu. Siku ile nilikwambia nafuata waya mjini. Wakaniweka kwenye kijumba kidogo, wakanivalisha vitu vya masikioni, wakanipa kitufe. Ukisikia, bonyeza. Yule dada anayepima alikuwa nyuma ya kioo, na kila akitaka kutuma sauti nyusi zake zinapanda. Nikawa nabonyeza nyusi." Akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha. "Nikafanya vizuri sana. Akaona majibu mazuri kupita kiasi kwa mzee kama mimi. Akanigeuza nitazame ukuta. Basi. Nilikaa nikatazama ukuta, nikasubiri, nikasubiri, nikadhani bado hajaanza. Kumbe amemaliza."

Nilikuwa nauona mgongo wake kwenye kile kijumba.

"Hazirudi," akasema. "Wanasema ni miaka mingi ya kukaa mbele ya spika. Twita zangu zimeungua, mke wangu. Na zilizobaki zinafuata."

"Na mimi? Mimi unanisikia?"

Akaokota skrubu mezani akaizungusha vidoleni.

"Ukikasirika," akasema.

"Nini?"

"Ukikasirika nakusikia. Sauti yako inashuka, inakuwa nene, inatoka tumboni. Kila neno linafika. Ukiwa na furaha inapanda juu na mimi sipati kitu, naona meno tu. Ukiwa mpole ndiyo kabisa, sisikii." Akaiweka ile skrubu kwenye kopo lisilo lake, akaniangalia kwa aibu. "Kwa hiyo nikawa nakuchokoza."

Nililia. Nililia nikiwa nimesimama, nimeshika meza, na sikuona haya. Mwaka mzima nilikuwa nawaambia mashoga zangu mume wangu kageuka, hanipendi tena, ananitafutia maneno kutwa. Kumbe alikuwa ananitafuta mimi.

Jioni ile nilimpigia binti yetu nikamweleza yote. Alilia mpaka mume wake akaja kumpokonya simu, naye binti akamnyang'anya tena. "Nipe baba," akasema. "Mama, nipe baba niongee naye, hata kama hasikii." Nikampa. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaigandamiza sikioni. "Naam, mwanangu," akasema. "Naam. Ndiyo, mama. Hapana, hukunikosea." Akasubiri. "Naam." Nikasogea nimpokee. Simu ilikuwa imeshakatika, mtoto ameishiwa salio au ameshindwa na kilio, sijui, na yeye bado anaitikia, anaacha nafasi mtoto aongee, anaitikia tena. Sikumwambia. Nilimwacha mpaka alipomaliza mwenyewe.

Kwa mshonaji tulikwenda wote wawili. Mimi nilifunga twita, yeye akamweleza mwenyewe, kwa sauti kubwa mno kama wafanyavyo watu wasioisikia sauti yao wenyewe, kwamba vitufe alivipanga yeye, kosa ni lake, masikio yamekwisha. Mshonaji akasema, "Hapana, kilikuwa kitufe kibovu," akashikilia hivyo hivyo mpaka tukaondoka. Habari zilienea, kama zinavyoenea. Wateja wengine wakaacha kuja. Wengine wakaja kwa huruma, na huruma yao niliichukia kuliko kutokuja. Mimi ndiye niliyebaki kusikiliza, nami masikio yangu ni ya kawaida kama ya jirani yeyote.

Hayo yote ningeyabeba. Lililonishinda ni jingine. Hasira zilinihama. Mimi, Mama Moto, ambaye nimegombana na wauza vipuri, na mafundi wenzangu, na mvua, nilikuwa nikimtazama yule mtu kila kitu ndani yangu kinalainika. Nilimwekea chai mkononi badala ya kumwambia iko mezani. Nilimfunga vifungo vya shati. Nikizungumza naye sauti ilitoka laini, nyembamba, ina machozi ndani yake, na naye aliinama mbele, akanitazama midomo, akatabasamu tabasamu la mtu aliyepotea njia na anaona haya kuuliza. "Eeh," anasema. "Eeh, kweli." Hajasikia kitu. Nilijaribu kukaza sauti nikashindwa, nilijiona ninaigiza tu. Tulikuwa tunamaliza siku nzima tuko meza moja, kila mmoja peke yake.

Juzi nilikuwa nimenyoosha waya wa spika mezani, ule mnene, mzuri, wa kazi ya mteja mmoja kati ya wale wachache. Nimeupima, nimeuwekea alama. Yeye alikuwa amekaa ananitazama. Akasimama, akachukua koleo, akaukata katikati.

Nikatazama vile vipande viwili. "Si kitu," nikamwambia. "Nitauunganisha."

Akatazama mdomo wangu. Akaukata tena. Halafu tena, vipande vinaanguka sakafuni.

"Nifokee," akasema.

"Siwezi."

"Sikusikii." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mke wangu, tangu siku ile sijakusikia hata mara moja. Niko humu ndani peke yangu. Nifokee, nakuomba."

Nikavuta pumzi. Haikuja. Nikavuta tena, nikaokota kipande cha waya nikakishika usoni kwake.

"Mwendawazimu wewe!" nikasema. "Waya mzuri hivi! Unajua niliutafuta maduka mangapi?"

Akashtuka. Akasogea.

"Na ile chai!" Sasa ilikuwa inatoka tumboni. "Maji ya kuoshea vikombe, eti! Umeinywa miaka yote! Na ulikwenda hospitali peke yako, mshenzi wa watu! Ukanidanganya unafuata waya! Nani alikushika mkono kutoka kule? Ulipita wapi, ulikaa wapi, ulimwambia nani? Mimi nilikuwa hapa hapa nalehemu, nakusubiri na chakula, na wewe umetazamishwa ukuta! Nani kakwambia uyabebe peke yako, nani?"

Jirani akafungua dirisha akalifunga. Nilikuwa namfokea huku machozi yanaingia mdomoni, nimemshika kola ya shati, na yeye ameweka koleo chini na kusogea mpaka paji lake la uso likagusa langu.

"Endelea," akasema. "Nakusikia."

Nikaendelea. Nilimfokea juu ya viatu mlangoni, juu ya skrubu, juu ya mtoto, juu ya ndege wa asubuhi ambao hawakuhama popote, mpaka sauti ikaanza kunikauka, na nikaogopa kunyamaza.